Vilua vya Ijumaa

Mwanakombo aliipenda nyumba ile kabla hajaingia ndani. Bustani yake yote ilikuwa na kivuli, na kule walikopanga jua liliwachoma kutwa.

"Umeionaje?" aliuliza Shaame, mumewe.

"Nzuri. Tuichukue."

Mwenye nyumba, mjane aitwaye Salha, alifurahi. Akauendea mkilua uliokuwa kando ya kisima, akachuma maua machache, akayafunga kwenye jani la mgomba kwa uzi mwekundu.

"Zawadi yako, dada. Ukayaweke kitandani, yanukie."

Mwanakombo alikipokea kifurushi, na papo hapo akakijua. Kila Ijumaa Shaame alimletea vilua vilivyofungwa hivyo hivyo, jani lile lile, uzi ule ule, akimwambia amenunua sokoni.

Alimtazama mumewe. Shaame alikuwa ameinamisha macho kisimani.

"Nyumba tunanunua," Mwanakombo alisema polepole. "Ila mkilua huu siutaki. Siku nitakayohamia nitaukata kwa mkono wangu mwenyewe."

Shaame alirudi nyuma taratibu mpaka akauegemea ule mti, mikono ameipeleka mgongoni, kama mtu anayemficha mtu.