Kigoda Chenye Kamba

"Kiacheni huko huko Brazili," Verlyn, muuza magari wa Ohayo, Marekani, aliwaambia wageni kutoka kiwanda cha magari waliomletea kigari chao kipya akitolee maoni. "Hapa mteja wangu atakivaa mguuni kama kiatu!"

Wafanyakazi wake wakaangua kicheko.

Nje ya kioo, mama yake alikuwa akishuka kwenye gari la juu ambalo Verlyn alimnunulia. Alikishusha kwanza chini kigoda cha jikoni alichokifunga kamba, akakikanyaga, akaingia nacho ndani.

Alipokiona kigari, alikiweka kigoda chini, akaketi kwenye usukani bila kujivuta kupanda.

"Kumbe mna gari la kimo changu, mwanangu! Mbona hukuniambia?"

Hakuna aliyecheka.

"Sasa bosi," mgeni akauliza, "tukilete kuuzwa Marekani, au tukiache Brazili?"

Verlyn alikiokota kigoda. Kamba ilikuwa imegeuka nyeusi kwa kushikwashikwa na mama yake. Akakificha mgongoni kabla hajajibu: "Kileteni."