Bi Sikiza na Ukuta wa Kichuguu

Siafu walipotoboa kichuguu, mchwa askari Ng'atwe aliuma kila kilichosogea, hata ukuta wenyewe. Bi Sikiza, mchwa mjenzi kipofu, alikuwa ameegemeza vipapasio vyake ukutani, akisikiliza mitikisiko.

“Bibi, tunakufa nawe unasinzia!”

“Ukuta unaniita, mjukuu wangu. Siafu wameshaondoka. Anayebomoa sasa ni wewe.”

Ng'atwe akageuka. Ufa ulikuwa umefika walipolala watoto.

“Nisamehe, bibi. Nilijiona mlinzi.”

“Nami nimechelewa kukwambia.” Akagonga ukuta, wajenzi wakaja na udongo na mate. Ng'atwe hakujua kujenga, basi akaziba tundu kwa kichwa chake mpaka wakamaliza.

Hata tumbo letu linapowaka, Mola ameweka katika ukuta wa tumbo hilo chembe hai zinazosikiliza kama Bi Sikiza, zikawatuliza askari wa mwili na kuita wajenzi, nami huzisahau mpaka niumwe.