Babu wa Kwanza Aliyeandikwa

Jeneza la mama yake Muhonja lilikuwa limeshafikishwa kaburini, nyuma ya jiko, pale afisa wa nasaba alipoingia uani na kuinua mkono.

"Poleni sana. Marehemu hazikwi hapa. Anakwenda Ailandi, Ulaya."

Sheria kila mtu aliijua: maiti hurudishwa alikotoka babu wa kwanza aliyeandikwa. Mashine ya ofisi ya nasaba ilikuwa imepekua kumbukumbu zote za bandari na makanisa, ikampata Mwailandi mmoja aliyekuja Kakamega zamani kuchimba dhahabu.

"Na mwanamke aliyemzalia?" Muhonja aliuliza.

"Huyo hana kumbukumbu."

"Hana kumbukumbu! Aliyebeba mimba, akalima shamba hili, akazikwa pale kwenye migomba? Huyo mlevi wenu alikaa misimu miwili, akatoroka!"

"Lakini aliandikwa, mama."

Muhonja akawageukia kaka zake. "Teremsheni!"

Wakateremsha. Afisa hakuwazuia. Alivua kofia, akasubiri mpaka udongo ukajaa.

"Hatuna ugomvi," alisema kwa upole. "Tutamfukua kwa heshima, mkishatawanyika."

"Basi hatutawanyiki." Muhonja akaburuta kiti, akaketi kichwani mwa kaburi.

Afisa akatazama huku na huku. "Jamani, kwenu mgeni hapewi pa kukaa?"

Kabla Muhonja hajafumbua mdomo, kaka yake Shivachi, ambaye mama yao alimlea vizuri, alikuwa ameshamletea kiti.