Glasi ya Saa Saba

Msimu wa joto ukiingia, milango yote ya Tanga hujifunga yenyewe saa nne asubuhi na kufunguka jioni. Ndani kuna ubaridi wa kutosha, sina la kulalamika. Maji yangu yako kwenye glasi waliyotugawia watu wa manispaa, yenye kijitaa cha kijani, nayo huhesabu kila funda ninalokunywa.

Usipokunywa hadi saa saba, kijitaa huwa chekundu na unapigiwa simu. Hiyo haipigwi na mashine. Hupigwa na mtu.

Kwa hiyo mimi sinywi. Tangu mume wangu afariki, nakaa na kiu yangu, midomo imenikauka, naitazama simu.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, Nasra. Umepika nini leo?"

"Bibi, kunywa maji kwanza."

"Niambie kwanza."

Hucheka, akaniambia: mchicha wa nazi, au kiporo cha wali. Ndipo ninapokunywa.

Jana hakucheka. "Kunywa haraka, bibi, nakuomba. Mtaani kwako pekee watu thelathini na wanane hawajanywa, na tunaopiga tuko wawili. Juzi kuna mzee nilichelewa kumpigia."

Nilichungulia dirishani. Nyuma ya vioo vya ng'ambo ya barabara, vijitaa vyekundu vilikuwa vinawaka nyumba hadi nyumba. Nilikunywa glasi nzima kwa pumzi moja. Kabla sijaiweka mezani, Nasra alishakata.

Sasa hivi ni saa saba kasorobo. Glasi imejaa pomoni, na sijaigusa.