Usiukate Mwisho

"Halo, ni mimi tena," dobi alisema, pasi mkono huu, simu mkono ule. "Leo nakuomba, usiukate mwisho."

Mtangazaji akaangua kicheko hewani. "Wasikilizaji, mzee wetu wa wimbo mmoja huyo! Haya mzee, leo utuambie: yule wa dirishani anayeimbwa humo ni nani?"

"Maneno yake siyajui sana. Mimi nilipiga ngoma tu."

"Makubwa! Ngoma upige wewe, maana tukatafute sisi?"

Basi simu zikamiminika. Mmoja akasema wa dirishani ni mchumba aliyeolewa kwingine. Mwingine akabisha: ni ujana huo, ukishapita haurudi. Na ulikuwa wimbo wa magitaa tu, wa vijana wanne wasiojulikana, uliorekodiwa sebuleni kwa dobi, magodoro yameegemezwa madirishani. Enzi hizo hata majirani hawakuununua. Leo watu wazima wanaulilia!

Mama mmoja mwenye maneno yake alikuwa kibandani akisubiri shati la mumewe. "Si nikuwekee kwenye simu yangu, yaishe?"

"Huo wameusafisha, mwisho wakaukata. Na kanda yangu ililiwa na redio zamani. Wa asili wamebaki nao hao wa redioni tu."

"Na marehemu mkeo, naye aliupenda hivi?"

"Thubutu! Aliuita makelele."

"Ahaa!" Mama akapiga kofi. "Alijua. Mwanamke haambiwi, anajua tu. Wa dirishani hakuwa yeye, sema kweli yako!"

Dobi akanyoosha kola. Tangu mkewe atangulie, nyumba ilikuwa imempwaya. Jioni aliwasha redio hata kama hasikilizi, ilimradi mle ndani muwe na mtu anayesema. Upweke ulimuuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Wimbo ukaanza. Mama akaimba kwa hisia, macho kayafumba, utadhani aliachwa yeye. Dobi akaendelea na shati lake, kola, mikono, kifua, kama vile hasikii kitu.

Ulipofika ubeti wa mwisho, akachomoa pasi. Akazima feni. Akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho.

"Dada yangu, nisaidie. Nyamaza kidogo."

Mama akanyamaza, akimwangalia. Magitaa yakafifia, ngoma zikakoma. Hapa ndipo mtangazaji huingiza matangazo kila siku. Leo, Mungu ambariki, aliuacha.

Redioni mlango ukalia, na sauti ya mwanamke ikasema kwa mbali, "Mmemaliza makelele yenu? Chai inapoa."

"Tunakuja, mke wangu," dobi akajibu.