Kunguru Mwenye Digrii ya Upepo

Zamani za juzi tu, ndege wa mlimani walikuwa na kiwanja chao cha kurukia, na Kanga ndiye aliyewatangazia hali ya hewa. Kunguru, mwenye digrii ya upepo, fasti klasi, na asiye na kazi, alimwonea wivu.

"Kutwa 'subirini, subirini'. Hivyo tu? Hata mimi ningesema," alinung'unika. "Konekisheni hiyo. Tai, mkuu wa kiwanja, ni mjomba wake."

Asubuhi moja ukungu ukafunga bonde, Kanga akasema wasubiri. Kunguru akapaza sauti: "Mnacheleweshwa bure, jamani. Huo ni mvuke tu, unapitika. Sayansi haidanganyi."

Mbayuwayu waliochoka kungoja wakamshangilia. Tai akamshusha Kanga kitini.

"Haya, msomi, kazi ni yako. Ila desturi yetu unaijua: anayetangaza ndiye anayeruka wa kwanza."

Kunguru akautazama ukungu. Ndani yake mlikuwa na jabali, na hakujua limesimama upande gani.

"Subirini," akasema.

"Hongera ya kazi, bwana mkubwa," Kanga akamwambia.

Kwenye foleni, Njiwa, ambaye naye ana digrii yake, akamnong'oneza jirani: "Hivyo tu? Hata mimi ningesema."