Kichwa, Mwili na Mkia

Saa kumi alasiri, kama kila siku tangu alete barua ya posa, mwalimu Adolf alifuta kigoda, akafungua daftari na kumkabidhi Mama Apolonia peni. Kabla hajaandika neno la siku hiyo, katekista alichungulia mlangoni.

"Mama, padre anasema Jumapili somo la Kiingereza utasoma wewe. Kuna wageni."

Akapanda baiskeli yake na kuondoka.

Adolf alijua aibu ya Jumapili ingekuwa yake pia. Mtaa mzima wa Katindiuka ulijua nani anamfundisha Mama Apolonia.

Mbinu ya mwalimu ilikuwa nzuri, hasa kwa mama aliyeacha kuwapikia masista Waingereza akaanza kuuza samaki. Neno refu la Kiingereza ni kambale: kata kichwa, kata mkia, mwili utauona wenyewe. Tatizo, Mama Apolonia alikata popote. Wiki mbili sasa alikuwa akipasua maneno katikati ya tumbo, na Adolf akisema, "Vizuri sana, Mama." Nani angemkosoa mama yake Levina wakati posa haijajibiwa?

Kila aliposema hivyo, Levina, aliyekuwa jikoni akipepeta mchele, alisonya.

Adolf aliandika neno la kwenye somo la Jumapili: unrighteousness, yaani udhalimu.

Mama Apolonia alilikodolea macho, akachora mistari mitatu. "Unri. Gite. Ousini. Esi. Eti mwalimu?"

"Vi..."

Akilini, Adolf aliwaona wageni wa Jumapili. Aliwaona wanafunzi wake kwenye benchi la mbele. Kisha akamwona mama huyu amesimama peke yake mbele ya kanisa zima linalocheka, akimtafuta kwa macho mtu aliyemwambia vizuri sana.

Ungo ulinyamaza.

"Umekosea, Mama," alisema, sauti nyembamba. "Na jana ulikosea. Tangu tuanze hujapatia hata moja. Nimekudanganya kwa sababu namtaka Levina. Nisamehe. Kichwa ni un. Mkia ni ness."

Akafunga daftari, akasimama kuiaga nyumba ile moja kwa moja.

"Na mwili ni righteous," alisema Mama Apolonia, akilitamka neno kama maji. Akageukia jikoni. "Levina, mdomo wa kusema ukweli anao. Njoo umjibu barua yake, mimi nimechoka kujifanya mjinga."